Farasi wa Apa Anarkan

Kwa maneno, Kubat hakuwa na mpinzani katika kijiji kizima cha Jylgyn. Aliwahi kumchekesha mtu aliyetoka kung'olewa jino, mtu mwenyewe ikabidi arudishwe kwa daktari damu inamtoka upya. Harusini alikuwa haalikwi, anafuatwa. Msibani mama yake alikuwa anamkalisha katikati ya wazee, mbali na vijana wenzake, asije akaitia familia aibu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha sekondari chenye alama nzuri za lugha na maoni mabaya ya nidhamu, na pikipiki isiyo na breki ya mbele. Breki ya mdomo pia hakuwa nayo.

Siku polisi walipokuja kupekua kwa Sharshen ilikuwa katikati ya Septemba, watu wanachimba viazi. Sharshen mwenyewe alikuwa ameshakamatwa siku mbili nyuma, akiwa na lori lenye farasi wanne ambao hata mmoja hakuwa wake. Ilisemekana yeye na wenzake wawili walikuwa wanaswaga mifugo kutoka malisho ya bonde la pili na kuiuza machinjioni kabla wenyewe hawajagundua. Sasa mpelelezi, kapteni Ermek, alitaka kuorodhesha mali za mshtakiwa, ili hukumu ikitoka ziuzwe na walioibiwa wafidiwe. Na sheria inataka upekuzi uwe na mashahidi wawili wa mtaani, watu wasiohusika, waone na watie sahihi. Wa kwanza kupatikana alikuwa mzee Toktor, aliyetoka nyumbani bila miwani. Wa pili alikuwa Kubat, aliyekuwa anapita na gunia la viazi nyuma ya pikipiki, akaambiwa asimame, akasimama kwa msaada wa uzio.

Watu wengine wakiitwa na polisi hunywea. Kubat alichangamka. Palikuwa na askari watatu wenye usingizi, majirani wanachungulia juu ya ukuta, na vitu vinatolewa nje kimoja kimoja. Yaani jukwaa lilikuwa limeshajengwa, msemaji tu ndiye aliyekuwa anangojwa. Zeinep, mke wa Sharshen, alikuwa amesimama kando ya jiko la uani, amemkumbatia mtoto wake mdogo mwenye kifua kibovu, hamtazami mtu.

Ilipotolewa televisheni, Kubat akamshauri kapteni aandike kwamba inaonyesha chaneli moja, na hiyo moja kwa huruma. Askari wakacheka. Ulipotolewa msumeno wa mashine, akasema huo si wa Sharshen, ni wa baba yake Kubat, umekaa hapo tangu Mei, waandike tu kwamba mfungwa amemaliza kifungo na anaachiwa. Kapteni akatabasamu, akapiga mstari juu ya neno msumeno, akamwambia auchukue. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Kisha wakafika kwa farasi.

Alikuwa jike wa rangi ya kahawia iliyoiva, mguu mmoja mweupe, na mtoto wake amefungwa kamba karibu naye ili mama asiende mbali. Kubat alimjua farasi huyo kuliko alivyomjua shangazi yake. Alikuwa wa Anarkan, ambaye kwa heshima ya mama mzee wote walimwita Apa, mjane wa ami yake Sharshen. Marehemu alimwachia mkewe nyumba, kondoo sita na farasi huyo, na kila mwaka mtoto wa farasi ndiye aliyeuzwa kununua makaa na unga wa kupitisha baridi. Lakini kiangazi cha mwaka uliotangulia, mtoto wa Zeinep alipozidiwa na kikohozi, Apa Anarkan aliwapa wamkamue, mtoto anywe maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ambayo kwa kifua hakuna dawa inayoyafikia. Mtoto wa farasi angerudi kwa apa kila akifika umri wa kuuzwa. Farasi mwenyewe alibaki wa apa.

Jambo la namna hiyo Jylgyn haliandikwi. Tena halisemwi. Aliyepewa mnyama wa kukamua haambiwi mbele ya watu kwamba amepewa, kwa sababu huko ni kumvua nguo. Mwenye mali akipita hapo husema, "Farasi wenu amenenepa," na mwenye nyumba hujibu kwamba ni kweli amenenepa, na wote wawili hunywa chai. Hata daktari wa mifugo alipopita kuandikisha farasi, alimwandika yule jike kwa jina la mwenye ua alimomkuta, na Apa Anarkan, aliyekuwa amesimama palepale na birika mkononi, hakutia neno. Alimmiminia daktari chai.

Kubat alijua yote hayo kwa sababu ni yeye aliyemwongoza farasi kwa kamba, alfajiri, kupitia nyuma ya mashamba, maana Sharshen aliona haya kuonekana akimpokea. Apa alimpa mayai matatu ya kuchemsha na kumwomba kitu kimoja tu: asimwambie mtu.

Kwa hiyo kapteni Ermek alipouliza, "Na huyu jike ni wa nani?" kulikuwa na watu wawili pale uani wenye jibu. Zeinep aliinamisha kichwa. Kubat angeweza kumvuta kapteni pembeni na kumnong'oneza. Angeweza hata kunyamaza, ingawa kwa hilo hakuwa na uzoefu. Lakini askari watatu walikuwa wanamtazama, nyuso zao zimeshaanza kucheka kabla hajasema kitu, na Kubat mbele ya nyuso za namna hiyo alikuwa kama mlevi mbele ya chupa.

"Wa Sharshen huyo, kapteni," akasema. "Hamwoni? Anakula kutwa nzima na kazi hafanyi."

Askari mmoja ilibidi ashike uzio. Hata mzee Toktor, ambaye hakuwa ameona kitu tangu asubuhi, alicheka. Kapteni aliuma kalamu kujizuia, akaandika. Kubat akatia sahihi kwa mkia mrefu, bila kusoma. Farasi akapakiwa kwenye lori la polisi pamoja na mtoto wake, na Zeinep akaingia ndani.

Jioni ile aliisimulia dukani mara tatu, na kila mara ilinoga zaidi. Wakati wa kulala ndipo kitu kilipomchoma kidogo, kama mfupa wa samaki. Akajiambia kwamba serikali si mjinga, itajua yenyewe farasi ni wa nani. Akageukia upande wa pili, akalala vizuri kabisa.

Apa Anarkan alikuja kwao Februari. Alikuwa amengoja miezi mitano. Nyumba ya Sharshen ilikuwa kwenye matatizo, na mtu hamfuati aliyeanguka kumdai kamba yake. Angemwachia Zeinep awaambie polisi mwenyewe, kwa wakati wake. Lakini Zeinep hakusema, na sasa kulikuwa na habari kwamba kesi inakaribia mwisho na mali zote za kwenye orodha zitapigwa mnada. Apa alikaa mezani, akafungua kilemba chake cheupe kidogo kwa sababu ya joto la jiko, akamsifu mama yake Kubat kwa mkate. Kisha akamgeukia Kubat.

"Mwanangu, una mwandiko mzuri. Niandikie barua kwa hakimu."

Kubat alimtazama aone kama anajua. Uso wa apa ulikuwa wa mtu aliyekuja kuandikiwa barua. Basi akachukua karatasi. Ya kwanza aliiharibu kwa wino, ya pili akakosea jina la apa mwenyewe, mama yake akamuuliza kama ana homa. Barua ilikuwa fupi: mimi fulani, mjane wa fulani, naomba farasi wangu aliyechukuliwa katika kesi isiyonihusu. Walipofika mahali pa kueleza kwa nini alikuwa kwa Sharshen, Kubat akaandika kwamba aliwapa wamkamue kwa kuwa hawakuwa na kitu. Apa akamwambia afute.

"Usiwaandike hivyo. Zeinep atasomewa mbele ya watu. Andika nilimwacha kwao kwa sababu kwangu hakuna uzio."

"Apa, kwako kuna uzio."

"Ni wa zamani," akasema apa, na hilo likawa limekwisha.

Walikwenda mjini pamoja, siku ya Jumatatu. Apa alikaa kwenye benchi la korido na mfuko wake wa mkate na malai, Kubat akaingia kwa kapteni na barua. Kapteni Ermek aliisoma yote kwa utulivu, akasema kwamba uzio wa bibi huyu ameuona kwa macho yake na hauruhusu hata upepo kupita. Kisha akafungua jalada, akaligeuza, akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma mwenyewe, bwana mdogo."

Ilikuwa imeandikwa kwamba shahidi wa pili wa upekuzi, mkazi wa mtaa huohuo, alithibitisha kuwa farasi jike na mtoto wake ni mali ya mshtakiwa. Chini yake kulikuwa na sahihi yenye mkia mrefu. Habari za kula kutwa nzima na kutofanya kazi hazikuwemo. Askari kushika uzio hakukuwemo. Kicheko chote kile hakuna aliyekiandika.

"Baike, kaka yangu, nilikuwa natania," akasema Kubat.

"Najua. Mimi mwenyewe nilicheka. Kisha nikaandika ulichoniambia, na wewe ukatia sahihi." Kapteni hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siwezi kufuta leo kitu cha Septemba. Msumeno wa baba yako niliufuta kwa sababu uliniambia palepale. Alhamisi ni siku ya mahakama. Mwambie hakimu."

"Nikimwambia itakuwaje?"

"Utaonekana mpumbavu. Usipomwambia, farasi atauzwa."

Nje, apa alikuwa amemkatia mkate na kuupaka malai. Akauliza kapteni amesemaje. Kubat akajibu kwamba kapteni amesema barua iende kwa hakimu, Alhamisi, na hakuwa amedanganya hata neno moja. Mkate akasema hawezi, anaumwa tumbo. Apa akaurudisha kwenye mfuko polepole.

Siku mbili zilizofuata Kubat alizitumia kutafuta namna ya kusema bila kusema. Akaipata. Angesimama, angeeleza desturi ya Jylgyn, kwamba mnyama wa kukamua hatangazwi, na kwamba yeye, kijana mwenye adabu, aliona afadhali amtaje Sharshen kuliko kumvunjia heshima Zeinep uani kwake. Ilikuwa hotuba nzuri. Kila mtu mahakamani aliyekulia kijijini angetikisa kichwa na kusema huyu amelelewa. Aliifanyia mazoezi zizini mbele ya ng'ombe, akaongeza maneno mawili kuhusu mababu, akayatoa, akayarudisha.

Alhamisi theluji ilikuwa imeganda njia nzima, na mahakamani watu walikuwa wachache. Sharshen alikuwa kwenye kizimba cha vyuma na wenzake wawili, amenyolewa, amekonda. Zeinep alikaa safu ya nyuma kabisa, kilemba amekivuta mpaka kwenye nyusi. Mbele walikaa wachungaji watatu wa bonde la pili, walioibiwa, na kofia zao ndefu magotini. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua, aliyepenga kamasi kila alipomaliza ukurasa.

Barua ya Apa Anarkan ikasomwa. Mmoja wa wachungaji, mtu mzima mwenye ndevu chache, akainuka akasema kwa heshima zote kwamba kila mwizi ana shangazi, na kama kila shangazi akija kuchukua kitu, wao watafidiwa kwa nini, kwa theluji? Hata hakimu alikubali kwamba ni swali. Akamuuliza apa kama ana karatasi yoyote ya farasi. Hana. Kwenye daftari la daktari wa mifugo farasi ni wa nani? Wa Sharshen. Ana alama? Apa akasema sikio la kushoto lina mkato wa ukoo wa mumewe, mikato miwili na tundu. Hakimu akamuuliza Sharshen ukoo wake unakata vipi sikio. Sharshen akajibu kwa sauti ya chini: mikato miwili na tundu. Ukoo ni mmoja. Apa akaketi kidogo, kama mtu aliyesahau kwamba ameambiwa asimame, halafu akasimama tena.

"Mshtakiwa," akasema hakimu, "farasi ni wako au si wako?"

Sharshen alijua kama Kubat alivyojua kwamba farasi akiuzwa, deni lake kwa wale wachungaji lingepungua, na deni likipungua hata miaka ingepungua. Alitazama sakafu.

"Andikeni mtakavyoona," akasema.

Hakimu akafungua orodha ya upekuzi, akasoma mstari ule kwa sauti, akauliza kama shahidi wa pili yupo. Kubat akasimama. Hakumtazama apa, lakini aliusikia mfuko wake wa plastiki ukitulia mapajani.

"Hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Ulijua farasi ni wa nani?"

"Nilijua. Wa Apa Anarkan. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Sharshen, kwa kamba, mwaka juzi kiangazi. Alimpa akamuliwe, hakumpa awe wake."

Wachungaji wakageuka. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Basi kwa nini ulimwambia mpelelezi ni wa mshtakiwa?"

Hotuba ilikuwa tayari. Ilikuwa nzuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Lakini Kubat alipofungua kinywa aliona safu ya nyuma kile kilemba kilichovutwa mpaka kwenye nyusi, akatambua kwamba hotuba yote ilikuwa imesimama juu ya kichwa cha Zeinep. Nilimlinda yeye, ndiyo maana. Angemfanya yule mwanamke kuwa sababu, naye abaki mwenye adabu.

"Nilitaka wacheke," akasema.

"Nani?"

"Askari. Niliwaambia ni wa Sharshen kwa sababu anakula na hafanyi kazi. Wakacheka. Kisha nikatia sahihi, sikusoma."

Hakuna aliyecheka mahakamani. Mchungaji mwenye ndevu chache alimtazama kama anavyotazamwa mbwa aliyelala juu ya mkate. Hakimu alikuwa bado anaangalia ile orodha, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa kuna mstari umefutwa. Msumeno wa mashine. Huu ulikuwa wa nani?"

Kubat alihisi masikio yanawaka. "Wa baba yangu, mheshimiwa."

"Nani alimwambia mpelelezi?"

"Mimi."

"Kwa hiyo huo hukuutania."

"Niliutania," akasema Kubat. "Ila nilisema ni wa nani."

Hakimu akapenga kamasi. Kisha kiti kikalia nyuma. Zeinep alikuwa amesimama, bila kuitwa, mikono imeshika kiti cha mbele yake.

"Ni wa apa," akasema. "Tulipewa. Mtoto wangu alikuwa anakohoa na hatukuwa na mnyama wa maziwa." Akaona hajamaliza. "Tulipewa na kila kitu. Hata ndoo ya kukamulia ni yake."

Kwenye kizimba Sharshen alifunika uso kwa mikono yote miwili. Karani alikuwa anaandika haraka, na safari hii ilikuwa inaandikwa kila kitu. Hakimu akamuuliza tena Sharshen, naye akaitikia kwa kichwa bila kutoa mikono usoni. Hakimu akamwambia mahakama haiandiki vichwa, aseme. Akasema ni wa apa. Baada ya mapumziko mafupi ikasomwa kwamba farasi jike na mtoto wake si mali ya mshtakiwa, waondolewe kwenye orodha na warudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo, kwa kuwa kosa la mtu mmoja halilipwi kwa mali ya mwingine. Mchungaji mwenye ndevu chache hakusimama tena kupinga. Alipopita mbele ya Apa Anarkan kutoka nje, alivua kofia.

Kwenye korido Kubat alimkuta Zeinep anafunga vifungo vya koti. Akatafuta neno.

"Umesema," Zeinep akamwambia, bila ukali. "Haya. Ilibidi. Lakini kwa muda kidogo usipite kwetu, Kubat. Watoto wanakukimbilia wakikuona, na mimi sitaki kuwaeleza."

Uwanja wa kuwekea mali za kesi ulikuwa mazizi ya zamani ya shamba la ushirika, nje ya mji, nusu yake magari yaliyooza, nusu yake mifugo. Mlinzi alisoma karatasi ya hakimu, akaingia, akatoka na farasi. Mbavu zake mtu angeweza kuzihesabu kutoka barabarani. Manyoya yalikuwa yameshikana kwa kinyesi, na matiti yamekauka na kurudi juu kama ya farasi ambaye hajawahi kuzaa. Apa akamshika shavu, akaangalia nyuma yake, akaangalia mlangoni.

"Na mtoto?"

Mlinzi akasema mtoto alikufa Januari. Baridi, na nyasi zilikuwa kidogo. Kuna karatasi. Akaenda akaileta, imegongwa muhuri vizuri, na apa akaikunja mara nne akaitia kifuani. Huyo ndiye aliyekuwa makaa yake na unga wake. Kubat alijua, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Na apa hakumwambia.

"Apa," akasema, "ningesema Septemba..."

"Ningekuwa na farasi wawili," apa akamalizia, kama mtu anayesaidia hesabu. Alikuwa anaondoa vijiti kwenye singa za farasi, kimoja kimoja. "Nilijua siku ileile. Zeinep alikuja kwangu jioni, akalia, akanieleza ulivyosema, neno kwa neno. Hata mimi nilikaribia kucheka. Unajua kuongea, wewe."

Kubat alisikia mwili mzima unapungua ndani ya koti. "Ulijua? Na ukaja kwangu uandikiwe barua?"

"Hapa mjini kuna karani, mwandiko wake mzuri kuliko wako. Nilikuja kwako ili uniambie. Nikakaa mezani kwenu nikangoja. Nikakaa kwenye benchi la polisi nikangoja." Akatupa kijiti chini. "Ukaumwa tumbo."

Hakuongeza kitu. Kubat alitamani aongeze. Alitamani amchape na ile kamba, amwite jina lolote, maana matusi angejua ayajibu vipi au ayanyamazie vipi. Apa alimkabidhi kamba tu, akamwambia ashike, yeye anakwenda kumtafuta Asan mwenye lori.

Asan alikuwa ameleta makaa mjini na alikuwa anarudi Jylgyn mtupu. Walimpandisha farasi nyuma kwa ubao, kwa shida, kwa sababu miguu ilikuwa inamtetemeka. Mbele walikaa watatu, apa katikati. Asan hakuwepo mahakamani. Alikuwa mtu wa kupenda hadithi, na njia ilikuwa ndefu, kwa hiyo hata kabla hawajavuka daraja alimnyooshea Kubat kidevu.

"Haya, Kubat, tufupishie njia. Kesi ilikuwaje? Nimesikia hakimu ana pua kama birika. Tuanze na hiyo."

Kubat aliangalia kioo. Apa Anarkan ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida, huku anapanga kilemba chake.

"Mwache apumzike, Asan. Kazi amefanya leo. Ndiye aliyeniandikia barua, na mbele ya hakimu ndiye aliyesimama akasema farasi ni wangu, hakuna mwingine aliyesimama kwanza. Bila yeye ningerudi na mfuko mtupu."

Asan akapiga mluzi wa sifa. Akanyoosha mkono juu ya magoti ya apa, akampiga Kubat begani mara mbili, akasema hakujua kwamba ndani ya mropokaji huyu kuna mtu, na jioni hii atawaambia watu wote dukani. Kubat alifungua kinywa kusema sivyo. Lakini kusema sivyo kungemfanya apa kuwa mwongo mbele ya dereva, naye apa hakuwa amesema neno hata moja la uongo. Kila alichosema kilikuwa kweli, amekipanga tu vizuri, kama mtu anavyompangia mgeni maskini mahali pa heshima ili asionekane alikuja na mikono mitupu. Na mgeni hawezi kusimama akakataa. Anakaa. Anapokea. Kubat akamfikiria Zeinep, na vikombe vyote alivyomnywesha mwanawe viangazi viwili, huku majirani wakimwambia farasi wenu amenenepa.

"Asante, baike," akamwambia Asan, na sauti ikatoka ndogo.

"Sasa amekuwa na aibu!" Asan akamcheka. "Mtazame, apa, amekuwa mwekundu kama bibi harusi."

"Mwache," akasema apa.

Lori likaanza kupanda. Kila walipoingia kwenye shimo, farasi aligonga ubao wa nyuma kwa kwato akitafuta mahali pa kusimama, na kila alipogonga Kubat aligeuka kumwangalia kupitia kioo kidogo cha nyuma, ingawa alijua hajaanguka, ili apate tu mahali pa kuuweka uso.